Mwaridi mpya: Jinsi ya kuupanda na kuusaidia ushike mizizi

MWARIDI ulionunuliwa leo ukiwa na maua matatu yaliyochanua unaweza kuwa ukuni kabla ya miezi mitatu kwisha. Hayo huwapata wakazi wengi wa Nairobi, Nakuru, Eldoret na miji mingine ya nyanda za juu ambao huvutiwa na miche iliyopangwa kando ya barabara, wakalipa, wakaipakia garini na kuipanda jioni hiyo hiyo kwa pigo chache za jembe. Mmea unapoanza kukauka, lawama hutupiwa muuzaji, jua, au hata mkono wa aliyepanda, kwamba hauna baraka. Aghalabu kiini cha tatizo huwa chini ya ardhi: mmea haukuwahi kushika mizizi katika udongo wake mpya.

Hasara yenyewe si ya mche pekee. Kuna samadi iliyonunuliwa kwa gunia, kuna maji ambayo katika mitaa mingi hununuliwa kwa mtungi, na kuna msimu mzima wa mvua ambao ukishapita haurudi hadi miezi kadhaa baadaye.

Kiswahili, kwa utajiri wake, hutofautisha mwaridi, yaani mti, na waridi, yaani ua lake. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na kwa wenyeji wa Pwani ua hili lilijulikana zamani zaidi kwa harufu yake kuliko kwa sura. Marashi ya waridi yalinyunyizwa kutoka kwa mrashi katika harusi na mazishi, na hadi leo wakulima wa Jabal Akhdar nchini Oman huvuna petali kila majira ya kuchipua na kuzitoa marashi kwa moto. Bara, waridi limekuja kuwa biashara. Kenya ni miongoni mwa mataifa yanayouza mawaridi kwa wingi zaidi duniani, na sehemu kubwa ya maua hayo hutoka mashamba yaliyo kandokando ya Ziwa Naivasha.

Siri ya mafanikio hayo ni mwinuko na ikweta. Mchana wa takriban saa 12 mwaka mzima, jua kali na usiku wenye ubaridi huufanya mwaridi uchanue bila likizo. Mwenye bustani anapaswa kulielewa jambo hili vizuri, kwa sababu vitabu vingi vya kilimo cha mawaridi viliandikwa Ulaya na Marekani, ambako mmea hulala wakati wa baridi kali, ukang'olewa bila udongo na kupandwa ukiwa usingizini. Mwaridi wa Kenya haulali. Unanunuliwa ukiwa macho, una majani yanayotoa maji angani kila dakika ya mchana, na mizizi yake haina budi kuendelea kuyalisha majani hayo tangu saa ya kwanza. Baadhi ya mawaidha ya vitabu hivyo, yakifuatwa hapa neno kwa neno, huuangamiza mmea.

Kuchagua mche

Mnunuzi wa kawaida huangalia ua. Ni kosa linaloeleweka, maana ua ndilo analolilipia, ila ua ndilo linaloeleza machache zaidi kuhusu afya ya mmea. Mche wenye matumba mengi katika mfuko mdogo unatumia akiba yake yote kujipamba. Afadhali mche wenye matawi matatu au manne yenye unene wa penseli, yaliyotokea karibu na kitako cha shina, na majani mabichi yaliyoshuka hadi chini, hata kama hauna ua lolote.

Baada ya majani, uangaliwe mfuko. Katika vitalu vingi, mifuko myeusi ya plastiki huwekwa moja kwa moja juu ya ardhi. Mche ukikaa hapo miezi mingi, mizizi hupenya kupitia matundu ya chini na kuzama ardhini, nao hushamiri kwa sababu unakula mahali pengine. Siku ya kuuzwa hung'olewa kwa nguvu na ile mizizi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiulisha, hukatika. Mnunuzi hupeleka nyumbani mmea mzuri wenye nusu ya mizizi yake. Kwa hivyo ni busara kuuinua mfuko mwenyewe kabla ya kulipa. Ukishikamana na ardhi, au ukionyesha mizizi minene iliyokatika punde, heri kuuacha na kuchagua mwingine.

Kinyume chake pia hutokea. Mche uliotiwa mfukoni wiki iliyopita haujatoa mizizi mipya, na ukishikwa shina na kutikiswa kidogo huyumba kama mwiko ndani ya uji. Mche wa namna hiyo si mbaya, lakini usipandwe mara moja. Ukae katika mfuko wake mahali penye kivuli chepesi na unyevu wa kutosha, wiki nne hadi sita, hadi utakapokuwa imara.

Kitako cha shina nacho kichunguzwe. Vinundu vigumu vyenye umbo la koliflawa, vikiwa mahali shina linapokutana na udongo, ni dalili ya ugonjwa wa bakteria usio na tiba, ambao hubaki ardhini kwa miaka. Mizizi iliyojaa vifundo vidogo kama shanga ni kazi ya minyoo wasioonekana kwa macho, na nao wakishaingia bustanini hawatoki kwa urahisi. Mche mmoja wa bei nafuu unaweza kuiharibu ardhi ambayo ingekuza mimea mingine kwa muda mrefu.

Miche mingi inayouzwa imepandikizwa, yaani ni mimea miwili iliyoungwa ikawa mmoja: juu ni aina yenye ua linalotakikana, chini ni mwaridi mwingine wenye mizizi ya nguvu. Katika mashamba ya maua nchini, mwaridi wa chini unaotumiwa sana ni ule uitwao Natal Briar. Mahali pa kiungo huonekana kama kifundo kilichovimba kidogo juu ya mizizi. Miche mingine huzalishwa kwa vipande vya matawi na husimama kwa mizizi yake yenyewe. Hii huanza polepole, ila haina usumbufu wa machipukizi ya kigeni ambao utaelezwa baadaye.

Onyo moja linawahusu wanaopenda kuchukua tawi kutoka kwa shada la dukani na kulichomeka ardhini. Mawaridi hayo yalizalishwa kwa ajili ya vivungulio, ambako mvua haiyagusi na dawa hupigwa kwa ratiba. Nje, mengi hudhoofika. Isitoshe, aina nyingi zina wenyewe. Kenya ilijiunga mwaka wa 1999 na UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda haki za wazalishaji wa aina mpya za mimea, na kuzizalisha aina hizo kwa ajili ya kuuza bila idhini ni kinyume cha sheria.

Wakati na mahali

Wakati mwafaka ni mwanzo wa mvua, iwe ya masika ianzayo Machi au ya vuli ianzayo Oktoba, baada ya ardhi kulowa vizuri. Udongo huwa na unyevu na vuguvugu, anga huwa na mawingu, na majani hayapotezi maji kwa kasi. Anayeweza kumwagilia anaweza kupanda mwezi wowote, mradi aepuke Januari na Februari katika maeneo makavu, na Julai katika sehemu za baridi na ukungu kama vile Limuru, ambapo mizizi hukua kwa kusuasua na magonjwa ya majani hustawi.

Mwaridi huhitaji jua la moja kwa moja kwa muda usiopungua saa sita kwa siku. Jua la asubuhi ni bora kuliko la alasiri kwa kuwa hukausha umande mapema. Mahali pasiwe karibu na mkaratusi wala uzio wa kayaba. Mimea hiyo ina mizizi yenye uroho ambayo itakuwa imefika katika shimo lenye samadi kabla ya mwaridi wenyewe kuzinduka.

Pia, mwaridi mpya usipandwe mahali ulipong'olewa mwaridi mzee. Udongo uliokaa na mawaridi miaka mingi hukusanya kuvu, minyoo na vijidudu ambavyo mmea mkubwa huvivumilia lakini mche hauvimudu. Mche hubaki umedumaa, na mwenyewe huongeza mbolea bila faida. Iwapo hapana mahali pengine, udongo wa eneo hilo utolewe kwa kina na upana wa takriban sentimita 50, upelekwe kwenye mboga, na uletwe mwingine kutoka upande wa pili wa boma.

Wapo wanaonunua mwaridi kwa ajili ya kaburi. Ni desturi iliyoenea katika maboma mengi, na huumiza sana mmea huo unapokufa. Sababu zake ni za kawaida tu. Udongo wa juu ya kaburi ni ule uliotolewa chini kabisa, usio na rutuba, na huendelea kudidimia kwa miezi mingi, hivyo mizizi michanga hukatika au kubaki ikining'inia kwenye mapengo. Inafaa kuupanda kichwani au ubavuni mwa kaburi, katika ardhi ambayo haikuchimbwa, na kuacha matawi yake yainamie kaburi. Na kwa kuwa mara nyingi wenyewe huondoka kurudi mjini siku chache baada ya mazishi, ni muhimu aachwe mtu wa kuumwagilia, la sivyo kungojewe mvua.

Udongo

Udongo mwekundu wa Kiambu, Murang'a na magharibi mwa Nairobi hupitisha maji vizuri na huufaa mwaridi, ingawa katika sehemu nyingi una asidi nyingi. Mwaridi hupendelea kiwango cha pH kati ya 6.0 na 6.5. Pale ambapo majani-chai hustawi bila shida, kuna uwezekano mkubwa kwamba udongo unahitaji chokaa ya kilimo, itiwe wiki kadhaa kabla ya kupanda, na kiasi chake kiamuliwe baada ya udongo kupimwa.

Shida kubwa ni udongo mweusi wa mfinyanzi wa Embakasi, Syokimau, Athi River na Kitengela, ambako nyumba mpya zinazidi kujengwa. Ukilowa huvimba na kunata, ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono na kukata mizizi. Wengi hudhani suluhisho ni kuchimba shimo refu na kulijaza udongo mwekundu ulioletwa kwa lori. Hapo huwa wamechimba sufuria. Maji huingia kwa urahisi katika udongo laini, yakafika kwenye kuta za mfinyanzi na kukosa pa kutokea, na mizizi huoza ndani ya kisima ambacho hakionekani kwa juu. Katika ardhi hiyo, mwaridi upandwe kwenye tuta lililoinuliwa sentimita 30 au zaidi, na udongo mweusi wenyewe uchanganywe na mboji nyingi badala ya kufukiwa chini ya ule wa kigeni.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Shimo lijazwe maji na kuachwa. Ikiwa kesho yake wakati kama huo bado yamo, mahali hapo hapafai bila tuta.

Pwani, udongo wa mchanga na matumbawe una tatizo la kinyume, kwani maji hayakai na chokaa imezidi. Majani hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, ishara kwamba mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma. Mboji nyingi husaidia, na kivuli cha alasiri ni cha lazima.

Shimo na upandaji

Shimo la upana wa sentimita 50 hadi 60 na kina cha sentimita 45 hutosha. Upana una faida kuliko kina, kwa sababu mizizi mingi ya kufyonza husambaa pembeni karibu na uso wa ardhi. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine. Kuta za shimo zisiachwe laini kama zilizopigwa lipu. Zikwaruzwe kwa ncha ya jembe ili mizizi ipate pa kupenya.

Samadi itumike ikiwa imeoza kabisa, imekuwa nyeusi, inamumunyika mkononi na haina harufu ya zizi. Ndoo moja ya lita 10 hadi 15 ichanganywe na udongo wa juu. Samadi mbichi, hasa ya kuku, hutoa amonia na chumvi zinazounguza mizizi michanga, huwaita mchwa, na mara nyingi huwa na mabuu meupe ya mbawakavu ambayo hula mizizi. Wanaozoea kupanda mahindi hutia pia kiganja cha mbolea ya DAP chini ya mche. Mbolea hiyo ikigusana na mizizi huiunguza, nayo huongeza asidi ardhini. Kwa mwaridi mpya, samadi iliyooza yatosha. Maganda ya mayai na majani ya chai yanayosifiwa mno na majirani hayana ubaya, lakini huoza polepole mno kuwa chakula cha mche unaotaka kuishi mwezi huu.

Kabla ya kupanda, mche utumbukizwe pamoja na mfuko wake ndani ya ndoo ya maji hadi mapovu yaache kutoka, jambo linaloweza kuchukua nusu saa. Hatua hii ndogo hurukwa na wengi, nayo ndiyo huokoa miche mingi kuliko mbolea yoyote. Udongo wa vitalu, ambao aghalabu ni udongo mwekundu na samadi, ukikauka huwa mgumu kama tofali, na bonge lililoingia shimoni likiwa kavu huweza kubaki kavu hata maji yakimwagwa pembeni yake kila siku.

Mfuko ukatwe kwa wembe, kwanza kitako kisha ubavu, na kuondolewa wote. Bado kuna wanaopanda mche na plastiki yake kwa kuhofia kuusumbua, wakidhani mizizi itajitafutia njia. Mizizi iliyokuwa ikizunguka mfukoni huendelea kuzunguka. Kama imejisokota chini, ikunjuliwe kwa vidole, na ile iliyoharibika ikatwe kwa mkasi mkali. Bonge lenye mizizi michache lisiguswe, kwa kuwa likivunjika mizizi midogo ya kufyonza hupotea nalo.

Sasa kuna suala la kina, ambalo ndipo vitabu vya ng'ambo huwapotosha watu. Waandishi wa nchi za baridi hushauri kifundo cha kiungo kizikwe sentimita kadhaa ardhini ili barafu isikiue. Hapa hakuna barafu ya kuogopwa katika sehemu nyingi. Kifundo kikizikwa katika udongo wenye joto na unyevu, huoza, au tawi la juu huota mizizi yake dhaifu na kuiacha ile ya nguvu iliyo chini. Kwa hivyo kifundo kibaki sentimita mbili au tatu juu ya uso wa ardhi. Fimbo iliyolazwa juu ya shimo huonyesha usawa huo bila kubahatisha. Izingatiwe pia kwamba udongo uliochimbwa hushuka baada ya mvua mbili tatu, na mche hushuka nao.

Udongo urudishwe kwa awamu. Shimo likifika nusu, lita tano za maji zimwagwe na kuachwa zinywewe, kisha lijazwe na lita nyingine tano zimwagwe. Maji huziba mapengo ya hewa kuliko mguu. Kukanyaga kwa kisigino, ambako wengine hukufanya kana kwamba wanasimika nguzo ya seng'enge, hufinya udongo na kuifukuza hewa ambayo mizizi huihitaji ili kupumua. Kushindilia kwa mikono kunatosha. Mahali penye upepo, mambo yasimamishwe kando ya mche na shina lifungwe kwa kamba laini, kwa sababu kila shina linapoyumba, mizizi mipya iliyo myembamba kama uzi hukatika.

Maji

Kinachofuata baada ya kupanda hakionekani. Kwa wiki mbili au tatu za kwanza, mizizi yote bado imo ndani ya lile bonge la kitalu. Udongo wa bustani unaolizunguka ni kama nchi jirani ambayo haijafikiwa. Bonge hilo lina ujazo wa lita mbili au tatu tu, na majani yanaweza kumaliza maji yake kwa siku mbili za jua, ilhali udongo wa pembeni ungali na unyevu. Mwenye bustani huchomeka kidole pembeni, akaridhika, na mmea ukafa kwa kiu ukiwa umezungukwa na maji.

Kwa hiyo, mwezi wa kwanza maji yamwagwe pale pale kwenye kitako, polepole, na kidole kichomekwe ndani ya bonge lenyewe hadi sentimita tano. Kukiwa kukavu, maji yatiwe. Kukiwa na unyevu, yangojewe. Pasipo na mvua, lita tano hadi nane mara mbili au tatu kwa wiki hutosha katika udongo mwekundu, na zaidi katika mchanga wa Pwani. Manyunyu ya jioni yanayolowesha nyasi yasihesabiwe kuwa mvua. Kuanzia mwezi wa pili, maji yasogezwe nje kidogo kidogo na yatiwe kwa wingi ila kwa nafasi ndefu, ili mizizi iyafuate. Mwaridi unaonyunyiziwa kikombe kila siku hujenga mizizi ya juujuu, na siku mwenyewe akisafiri hunyauka.

Kunyauka kwenyewe kuna lugha yake. Mche unaolegea saa nane mchana na kuinuka jioni unalalamikia jua tu. Mche uliolegea alfajiri una tatizo la mizizi. Lakini tatizo hilo laweza kuwa kiu au mafuriko, kwa kuwa mizizi iliyozama majini hukosa hewa na kushindwa kufyonza, na mmea huonekana una kiu. Anayeongeza maji bila kuchomeka kidole huwa anaumaliza.

Maji ya baadhi ya visima virefu vya Kitengela na Athi River, na ya visima vilivyo karibu na bahari, yana chumvi, na mwaridi ni mmea usioivumilia. Kingo za majani huungua na kuwa kahawia. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani, hata kama ni ya mapipa mawili tu, yawekewe miche katika miezi yake ya mwanzo.

Matandazo ya nyasi kavu au majani, yenye kimo cha sentimita tano hadi nane, hupunguza maji yanayopotea na kuuzuia udongo usichemke. Yasigusane na shina. Kwenye mchwa wengi, yatandazwe mepesi na yakaguliwe kila wiki.

Kuyakata matumba

Ushauri unaowaudhi wengi ni huu: matumba yote yanayotokea katika wiki sita hadi nane za mwanzo yakatwe yangali madogo kama punje za mahindi. Ua ni mlaji. Sukari inayotengenezwa na majani hugawanywa kati ya sehemu zinazokua, na tumba likiwapo huchukua fungu kubwa kabla ya mizizi. Aliyelipia ua huona kwamba anajinyima, lakini kwa kuwa mwaridi hapa huchanua mwaka mzima, anachokiahirisha ni cha wiki chache tu.

Majani, kinyume chake, yaachwe yote, kwani ndiyo yanayoilisha mizizi. Wengine hupogoa mche mpya hadi nusu kwa kuiga vitabu vinavyozungumzia miwaridi iliyolala. Mche ulio na majani uondolewe matawi yaliyokufa au kuvunjika pekee. Majani machache ya chini yakigeuka manjano na kuanguka katika wiki mbili za kwanza, si jambo la kutia hofu.

Dalili kwamba mizizi imeshika ni machipukizi mapya yenye rangi nyekundu-kahawia, ambayo baadaye hugeuka kijani, pamoja na uimara wa shina linapovutwa taratibu. Hapo ndipo mbolea ya dukani inapoweza kuanza, si mapema kabla ya wiki ya sita. Kijiko kimoja cha mezani cha NPK 17:17:17 kinyunyizwe kwa mduara sentimita 20 kutoka shinani, juu ya udongo uliolowa, kisha kifuatiwe na maji.

Maadui na machipukizi ya kigeni

Mche ambao haujashika mizizi haupaswi kunyunyiziwa dawa kali bila sababu. Vidukari hutolewa kwa vidole au kwa maji. Madoa meusi ya majani husababishwa na kuvu anayehitaji jani libaki limelowa kwa takriban saa saba, na ndiyo maana maji hutiwa kitakoni, tena asubuhi. Ubwiri unga, ule unaofanana na unga mweupe, hauhitaji majani kulowa. Hupenda siku zenye joto na usiku wenye baridi, yaani hali ya hewa ya Nairobi yenyewe, na hupunguzwa kwa kuacha nafasi ya hewa kupita kati ya miche. Wakati wa kiangazi utitiri hujificha chini ya majani. Na katika sehemu za Nyandarua, Nakuru na Kiambu, mche ulioanguka ghafla ukiwa hauna mizizi hata mmoja umekuwa mlo wa fuko, ambaye hazuiwi na chochote isipokuwa mtego au wavu wa chuma uliozungushiwa shimo siku ya kupanda.

Kwa miche iliyopandikizwa, lipo tishio jingine linalotoka ndani. Mwaridi wa chini unapopata nguvu hutoa machipukizi yake chini ya kifundo, na kwa kuwa ndio wenye mizizi, hukua mbio kuliko ule wa juu na hatimaye huunyonga kwa kuunyima chakula. Hapo mwenye bustani hushangaa kuona waridi lake jekundu "limegeuka" jeupe. Halikugeuka. Lilikufa, likarithiwa. Imani kwamba chipukizi la kigeni hutambulika kwa vijani saba badala ya vitano haiaminiki, kwani aina nyingi nzuri zina saba pia. Njia ya uhakika ni kufukua udongo taratibu na kutazama linakotokea. Likiwa limetoka chini ya kifundo, lishikwe na kuchomolewa kwa kuvutwa kuelekea chini, pamoja na kitako chake. Likikatwa kwa mkasi huacha macho yatakayotoa matatu zaidi.

Mpangaji asiyejua atahama lini anaweza kuupanda mwaridi wake katika chombo badala ya ardhini. Chombo kiwe na upana na kina kisichopungua sentimita 40, matundu ya kutosha chini, na kisiwe cheusi kinachokaa kwenye jua la alasiri, maana mizizi iliyo karibu na ukuta wake hupikwa. Kifundo kiwe juu ya udongo vilevile, na matumba yakatwe vilevile. Maji yatahitajika karibu kila siku wakati wa kiangazi, na udongo ubadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, mwanzoni mwa mvua, huku theluthi ya nje ya mizizi ikipunguzwa kwa mkasi kabla ya mmea kurudishwa chomboni.